Usitafute wosia wa babu, tafuta ugomvi wake: namna ya kupata karatasi za mirathi za enzi ya ukoloni, Moshi na Arusha

Nilizunguka miaka miwili nikitafuta wosia wa babu mzaa baba. Baba mkubwa aliapa kwamba babu "aliandika". Shangazi akaongeza kwamba karatasi ilipigwa muhuri wa Mangi, yaani chifu wa Wachaga. Sikuiona, na leo nadhani haikuwepo. Nilichopata ni kurasa nne za kesi, Kiswahili safi, mwandiko wa karani aliyejipenda: watoto wawili wa babu wanashtakiana juu ya kipande cha migomba na mbuzi watano. Ndani ya kurasa hizo nne mna majina ya wake wawili wa babu, ndugu yake aliyehamia Taveta, mashahidi wa mtaa mzima, na binti aliyeolewa Uru ambaye nyumbani hakuna aliyewahi kumtaja.

Tangu hapo nikabadili namna ya kutafuta. Huku mlimani Kilimanjaro mirathi iliyokwenda kwa amani haikuacha karatasi. Wazee walikaa, wakala, wakagawa, wakaondoka. Karatasi ilizaliwa pale watu waliposhindwana. Kwa hiyo ukiwa unachimba historia ya familia yako, neno "wosia" liweke mfukoni kwanza, na uanze kuuliza nani aligombana na nani.

Kwanza, jua marehemu wako alikuwa chini ya nani

Wakoloni hawakuwa na mlango mmoja wa mirathi. Ukigonga mlango usio wake utaambiwa "hakuna", na wewe utadhani kweli hakuna. Andika mambo manne kwenye daftari kabla hujapanda daladala: alikufa lini (hata kwa kukisia), alikuwa dini gani, alikuwa na kazi gani, na mali yake ilikuwa wapi.

Aliyekufa kabla ya Machi 1916, Waingereza walipoingia Moshi, alikuwa chini ya Wajerumani. Mweupe alikuwa na mahakama yake. Mwafrika alipelekwa barazani kwa ofisa wa boma au kwa Mangi, na Wajerumani wenyewe waliliita jambo hilo kwa neno letu, wakaliandika Schauri. Likariri neno hilo, litakusaidia mbele.

Chini ya Waingereza mambo yaligawanyika zaidi. Mzungu, Mhindi au Mgiriki mwenye duka au shamba, mirathi yake ilikwenda Mahakama Kuu, Dar es Salaam, kwa sheria zilizobebwa kutoka India mwaka 1920, ikiwemo ile ya urithi ya 1865. Kama hakuacha mtu wa kusimamia, mali ilishikwa na Kabidhi Wasii Mkuu. Mwislamu wa mjini alikwenda kwa liwali na kadhi. Mchaga, Mmeru au Mwarusha wa kijijini alikwenda kwenye mahakama ya Mangi au ya mkuu wake wa kienyeji, ambayo sheria ya 1929 iliipa ngazi za rufaa: kutoka huko kesi ilipanda kwa maofisa wa wilaya, kisha wa jimbo, na ikibidi hadi kwa Gavana. Kila ilipopanda ngazi moja, nakala nyingine iliandikwa. Ndiyo maana nasema mbishi wa ukoo ndiye rafiki yako. Yule baba mdogo aliyekataa kushindwa akakata rufaa mara tatu amekuachia majalada manne.

Mwaka 1963 machifu waliondolewa, na mahakama zao zikapisha Mahakama za Mwanzo. Hilo lisikufanye uishie 1961. Watu wengi waliokufa miaka ya 1940 na 1950 walifunguliwa mirathi miaka ishirini, thelathini baadaye, siku mjukuu alipotaka kuuza au kupima shamba. Marehemu ni wa enzi ya Mwingereza, jalada ni la enzi ya Mwalimu.

Pili, anza nyumbani, na usiishie kwa wanaume

Nenda kwa mzee mkubwa kuliko wote aliyebaki. Beba sukari, majani ya chai, na kwa anayetumia, pesa ya mbege, ile pombe ya ndizi. Mpe shikamoo yake, ukae, usitoe daftari dakika ya kwanza. Swali la "babu aliacha wosia?" lina jibu moja tu: ndiyo au hapana. Uliza hivi: "Nani alisimamia matanga? Kikao cha ukoo kilikaliwa kwa nani? Nani alionyesha mipaka? Nani hakuridhika?" Hapo maneno yatatiririka.

Usia wa Kichaga mara nyingi ulikuwa wa mdomo. Baba anaona hali si nzuri, anaita watu wa ukoo na jirani, anatembea nao kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo, anaonyesha kwa fimbo: kuanzia masale haya (mimea ya mpaka) hadi mfereji ni ya fulani. Kwa kawaida mtoto wa mwisho ndiye aliyebaki na nyumba ya wazazi, na wa kwanza naye alikuwa na fungu lake kubwa. Wa katikati ndio waliokwenda kutafuta tambarare, au mahakamani. Kwa hiyo, kama ukoo wako ni wa mtoto wa tatu au wa nne, una bahati ya karatasi.

Sasa kosa langu. Niliwahoji baba wakubwa na baba wadogo wote, nikadhani nimemaliza. Mabinti walioolewa sikuwafikiria, kwa kuwa hawakurithi kihamba. Kumbe hao ndio waliotunza vitu. Nilipofuata lile jina la kwenye kesi hadi Uru, niliwakuta wajukuu wa yule shangazi na kopo la maziwa ya unga lililojaa stakabadhi za kodi ya kichwa za babu yangu. Bibi yao aliondoka nazo siku ya msiba. Kila stakabadhi ina mwaka na jina la Mangi wa mahali, na ya mwisho ilinipa mwaka wa kufa karibu kabisa.

Na sanduku la bati chini ya kitanda? Omba kulifungua mbele ya mwenye nyumba, piga picha kila karatasi mbele na nyuma, rudisha kila kitu kilivyokuwa. Usiondoke na kitu, hata ukiambiwa chukua. Keshokutwa utaitwa mwizi wa hati.

Tatu, soma tarehe hata kama haikuandikwa

Karatasi nyingi za nyumbani hazina mwaka. Kuna alama za kukusaidia.

Fedha ndiyo ya kwanza. Orodha ya madeni yenye rupia na pesa ni ya zamani sana. Rupia na heller ni ya kuanzia 1904, Wajerumani walipoigawa rupia kwa heller 100. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921. Ukiona rupia tupu, usiruke kusema Mjerumani, maana Waingereza nao walitumia rupia miaka ile ya mwanzo.

Stempu kwenye bahasha: kichwa cha twiga ni miaka ya 1920, kuanzia 1922. Ikiandikwa Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja, ni 1935 au baadaye. Sura ya mfalme nayo inasema: George wa Tano hadi 1936, George wa Sita hadi 1952, kisha malkia.

Kwa familia za Kiislamu, tarehe inaweza kuwa ya Hijra, na Kiswahili chenyewe kikawa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1345 wa Hijra, kwa mfano, ulianza Julai 1926. Mpelekee mwalimu wa madrasa mwenye umri, atakusomea. Ukikuta mtu ameusia zaidi ya thuluthi ya mali yake, au amemuusia mrithi ambaye tayari ana fungu, tazamia kwamba kadhi aliingia kati, kwa sababu sheria ya Kiislamu hairuhusu hayo bila ridhaa ya warithi wengine. Hapo tena kuna ugomvi, yaani kuna karatasi.

Nne, kanisani, kwa ajili ya tarehe tu

Hupati wosia kanisani ila mara chache. Unachotafuta ni tarehe ya kufa na majina kamili, kwa sababu masjala ya mahakama inapangwa kwa namba na mwaka, siyo kwa hadithi. Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, walifika Machame 1893, Nkoaranga 1902, Ilboru 1904. Wakatoliki walikuwa Kilema tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890. Vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko vya misheni za zamani ni hazina. Omba kwa barua kwa mchungaji au paroko, siyo kwa kumvamia baada ya ibada.

Jiandae kwa majina. Babu anayeitwa Yohane nyumbani, kitabu cha Kikatoliki kimemwandika Joannes kwa Kilatini. Jina lake la Kichaga limeandikwa alivyolisikia padre Mfaransa au mchungaji Mjerumani, na la ukoo halipo kabisa. Soma pembeni mwa ukurasa wa ubatizo: huko ndiko Wakatoliki walikoongeza habari za ndoa baadaye, na wakati mwingine parokia aliyohamia.

Tano, mahakamani

Hapa watu wengi hukata tamaa mapema, na nawaelewa. Kwenye mahakama moja nilijibiwa kabla sijamaliza salamu: "Hayo ya zamani mchwa wameshamaliza." Nilirudi mara ya tatu na barua, nikamkuta karani mwingine, akanifungulia kabati. Mchwa walikuwa wamekula, kweli, lakini jalada moja tu.

Nenda kwanza Mahakama ya Mwanzo ya eneo lilipo shamba, kisha ya Wilaya, kisha masjala ya Mahakama Kuu Moshi au Arusha. Mirathi ya kimila na ya Kiislamu ilibaki Mahakama ya Mwanzo. Ya Kikristo yenye wosia wa maandishi na mali kubwa huenda ikawa juu zaidi. Andika barua kwa Hakimu Mfawidhi, au kwa Naibu Msajili kama ni Mahakama Kuu. Yangu ilikuwa fupi hivi:

"Mimi ni mjukuu wa marehemu (jina kamili na majina mengine aliyotumia), aliyefariki kati ya mwaka 1944 na 1949 katika kijiji cha ... Ninaomba ruhusa ya kukagua daftari la mashauri ya mirathi na madai ya ardhi la miaka 1944 hadi 1975, na jalada lolote litakalopatikana, kwa ajili ya kumbukumbu za ukoo. Sina shauri lolote mahakamani kuhusu mali hiyo. Naambatanisha nakala ya kitambulisho na barua ya serikali ya kijiji."

Ile sentensi ya "sina shauri lolote" usiiache. Karani akisikia mtu anaulizia kihamba cha zamani, anawaza kesi mpya. Mwondolee wasiwasi. Na uombe daftari kabla ya jalada: daftari linakuonyesha namba, na ukiwa na namba, kwa mfano Mirathi Na. 14 ya 1958, unaomba kwa jina lake. Ada ya ukaguzi na ya nakala inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, ukapewa risiti. Asiyetaka kukupa risiti, mwambie asante, urudi siku nyingine.

Jalada likifunguliwa, usikimbilie ukurasa wa hukumu. Kilicho kitamu kwa historia ya familia ni orodha ya mali, orodha ya warithi na maneno ya mashahidi. Shahidi mmoja katika kesi ya kwetu alisema marehemu alimshika mkono, akamtembeza hadi kwenye mti wa mringaringa, akamwambia "hapa ndipo mdogo wako anapoishia". Mti umekatwa. Kisiki kipo. Nilikipita utoto wangu wote, nikikikalia bila kujua ni mpaka.

Sita, Upanga

Safari ya Dar es Salaam haikwepeki. Nyaraka za Taifa ziko Upanga, mtaa wa Vijibweni, chini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Sheria yake ni ya mwaka 2002, na jalada la serikali kwa kawaida hufunguliwa kwa msomaji likifikisha miaka thelathini, kwa hiyo ya mkoloni yako wazi. Beba kitambulisho na barua ya utambulisho, penseli badala ya kalamu ya wino, na uulize utaratibu wa picha kabla hujatoa simu.

Huko omba orodha za majalada ya Wilaya ya Moshi, ya Arusha, na ya lile Jimbo la Kaskazini ambalo makao yake yalikuwa Arusha. Nyingi ni za Kiingereza, basi pitisha kidole kwenye maneno estate, deceased, succession, na kwenye neno lenyewe kihamba, ambalo Waingereza hawakulipatia tafsiri wakaliacha lilivyo. Pitia pia rufaa za mahakama za kienyeji na malalamiko ya ardhi. Wameru wasisahau majalada ya kuhamishwa Ngarenanyuki mwaka 1951, kesi iliyomfikisha msemaji wao Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata. Vitabu vya Wilaya navyo vina habari za koo na machifu.

Sehemu ya Mjerumani ina namba zake zinazoanza na G. Hapo tahajia ndiyo ufunguo: Moschi, Aruscha, Madschame, Kiboscho, Dschagga. Na kumbuka Moschi ya karatasi hizo mara nyingi ni Old Moshi, juu kule kwenye boma alikonyongwa Mangi Meli tarehe 2 Machi 1900, siyo mji huu wa leo wa stesheni na mnara wa saa. Mirathi kwao ni Nachlass, na wosia ni Testament. Mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zamani hausomeki hata kwa Mjerumani wa leo asiyejifunza. Piga picha nzuri, utafute msomaji baadaye.

Saba, Gazeti la Serikali na ng'ambo

Kama marehemu wako alikuwa Mhindi mwenye duka, Mgiriki wa mkonge, Kaburu wa shamba Arusha, au Mwafrika karani aliyekufa na akiba yake posta, pitia matangazo ya Gazeti la Serikali la Tanganyika. Humo waliitwa wadai na warithi wa marehemu kwa jina, kazi na mahali. Mashamba ya Wajerumani yaliyotwaliwa baada ya vita ya kwanza yaliuzwa na msimamizi wa mali za maadui, na matangazo yake ni kumbukumbu nzuri ya nani alishika ardhi ipi. Aliyefia Mombasa au Nairobi, tafuta Gazeti la Kenya: liko bure kwenye Google Books, matoleo kuanzia 1899.

Wajerumani wameweka mtandaoni majalada ya wizara yao ya makoloni, fungu R 1001 la Bundesarchiv, Berlin. Unatafuta kwenye mfumo wao uitwao invenio bila kulipa nauli. Karatasi za misheni ya Leipzig ziko Halle, kwenye Franckesche Stiftungen. Za mapadre wa Roho Mtakatifu ziko Chevilly-Larue, karibu na Paris. Mwingereza aliyekufa huku na kuacha mali kwao anaweza kuwemo kwenye faharasa ya wosia ya Uingereza, inayoanza 1858. Uwaandikie barua pepe fupi, jina moja, mwaka mmoja, swali moja. Hujibu.

Kuhusu ardhi, kabla hujamwonyesha mtu

Siku ukipata jalada, ndugu watakuuliza jambo moja: "Kwa hiyo kile kipande ni chetu?" Uwe na jibu. Madai ya ardhi yana ukomo wa miaka kumi na miwili kisheria, na karatasi ya 1947 peke yake haimtoi mtu aliyelima hapo tangu baba yake. Mwenye dai la kweli aende kwa wakili, asije na picha za simu yako.

Mimi nakala za kurasa zile nne nilizigawa siku moja, kwa nyumba zote mbili zilizogombana, zikiwa kamili, maneno ya kila upande yamo. Kwa upande wa yule aliyeshindwa nilipeleka pia jani la isale, ambalo kwa Wachaga ni alama ya kuombana radhi. Binamu yangu alilipokea, akaliweka juu ya televisheni, akauliza kama kwenye jalada wametaja wale mbuzi watano waliishia wapi. Hawakutaja.